Wageni, Nyama na Pesa ya Hospitali: Wikendi ya Mwisho Meru na Embu Kabla Mtoto Hajafika

Mgeni wa kutoka Mombasa au Kisumu akishuka stendi ya Embu au Meru, hamalizi hata salamu kabla ya kuuliza: "Sasa tunakula wapi?" Na wewe mwenyeji, ambaye mwenzako yuko mwezi wa nane, unajua hii ni wikendi ya mwisho ya kuzunguka bila nepi na bila kuangalia saa. Unataka kuwaonyesha kila mahali unapopapenda. Hakuna ubaya. Shida ni kwamba pesa ya mbuzi choma na pesa ya kujifungua zinakaa kwenye simu moja, kwa salio moja, na mtu akiwa na wageni mezani hasomi salio kwa makini.

Kwa hivyo tuanze na salio, halafu twende kula.

Ya mtoto iondoke kwanza

Kabla wageni hawajafika, toa pesa ya mtoto kwenye M-Pesa. Njia rahisi kwa wengi ni M-Shwari, ambayo imekuwepo tangu Novemba 2012, na kuhamisha pesa kutoka M-Pesa kwenda huko hakuna ada. Humo ndani kuna sehemu mbili: akiba ya kawaida, na akiba unayoifunga kwa muda unaochagua. Ile ya kufunga ni nzuri kwa mtu anayejijua mkono wake ni mwepesi. Lakini angalia hapa: ukitaka kuifungua kabla ya muda kuisha, unatakiwa kutoa notisi ya saa 48. Uchungu wa uzazi hautoi notisi ya saa 48.

Ukiwa na 20,000, kwa mfano, funga ile ya baada ya kuzaa (nguo, kliniki, mtu wa kusaidia kazi za nyumbani), na ile ya hospitali na teksi ya usiku iache kwenye akiba ya kawaida. Hapo haionekani ukiangalia salio la M-Pesa mbele ya wageni, na bado unaweza kuirudisha saa nane za usiku.

Ni kiasi gani? Inategemea utazalia wapi. Tangu Oktoba 2024 SHA ndiyo imechukua nafasi ya NHIF, na viwango vyake ni 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hospitali ya kibinafsi ikidai zaidi ya hapo, tofauti ni yako. Na kama hujaajiriwa, mchango hulipwa kwa mwaka mzima mbele, kuanzia 300 kwa mwezi, yaani si chini ya 3,600. Piga *147# leo uone kama uko sawa. Kujua kwamba mchango umelala ukiwa kwenye dirisha la malipo la hospitali ni mambo magumu sana, na hakuna sahani ya nyama inayofaa kukuletea hali hiyo.

Haya, twende kula

Kama wageni wanatoka Nairobi kwa gari, watapita Mwea, na watu wengi hupita tu wakikimbilia kufika. Waambie wasimame. Wali wa pishori ulioiva karibu na shamba lake una harufu ambayo ule wa kwenye pakiti ulishaipoteza. Wakifika Embu wakiwa wameshiba kidogo si hasara, kwa sababu siku ya kwanza ni ya chai: chai ya maziwa, chapati, maharagwe, na stori za miaka.

Siku ya pili teremkeni Mbeere. Kiritiri na Siakago kuna joto, kuna vumbi, na kuna mbuzi. Mbuzi wa huku juu mlimani hawezi kumfikia yule aliyekula vichaka vya Mbeere, na mtu wa Manyatta akikataa hilo mpeleke akaonje. Ikiwa ni kati ya Desemba na Machi mtakuta maembe barabarani. Beba pesa taslimu kidogo ya mia mia kwa hayo maembe, maana wauzaji wengine hawapokei kwa simu, na wengine simu zao zimezima chaji.

Safari ya kwenda Meru mjini inapita Runyenjes, Chuka na Nkubu. Ni kona na mabonde, na teremko la daraja la Nithi mnalijua kwa ajali zake, kwa hivyo dereva asiharakishwe na njaa ya watu wa nyuma. Mama mjamzito naye anahitaji kusimama na kunyoosha miguu, basi Chuka simameni, na Nkubu simameni tena. Ndizi za Imenti Kusini zinauzwa hapo, na ukiishika moja utaelewa kwa nini mukimo wa Wameru wengi una ndizi mbichi ndani yake, si viazi na mahindi peke yake.

Meru mjini, nyama ya jioni iko Makutano. Asubuhi yake ingieni soko la Gakoromone, mle kwenye vibanda kama wenyeji: githeri, mukimo, uji. Mwenye kutaka kukaa kwenye kiti kizuri aende Timau kwa samaki wa trauti wa maji baridi ya Mlima Kenya. Kentrout inajulikana kwa hilo, ila bei yake si ya kibanda, na ni vizuri wageni wajue kabla ya kuketi. Mutura wa kando ya barabara ni mtamu, lakini mjamzito aungojee mpaka mwaka ujao, au ale tu akiuona umeiva kabisa mbele yake.

Bili ikija

Hapa ndipo urafiki na hesabu hukutana. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na siku hizi jembe ni nambari ya Till. Usione haya kusema mapema, mkiwa bado njiani: "Jamani, mtoto yuko karibu, tutakuwa tunachanga." Rafiki wa kweli hata atakushangaa ukijaribu kulipa yote.

Tuseme nyama, ugali na soda vimefika 3,200 na mko wanne. Kila mtu ni 800. Wengi hufanya hivi: wewe unalipa yote, kisha wale watatu wanakutumia 800 kila mmoja. Kutuma 800 ni shilingi 13, kwa hivyo wametoa 39 za bure, na ukweli ni kwamba mmoja wao atasema "nitakutumia nikifika nyumbani". Njia bora ni kila mtu alipe 800 yake moja kwa moja kwenye Till ya hoteli. Mteja halipi ada yoyote kulipia kwenye Till, na mwenye hoteli hajali pesa imekuja mara moja au mara nne mradi ifike 3,200. Mwambie tu mhudumu kabla hamjaanza, ili ahesabu meseji zote.

Kwenye kibanda mara nyingi utapewa Pochi la Biashara au nambari ya kawaida ya simu. Hapo ada ni ile ya kutuma pesa. Ile 3,200 ikilipwa na mtu mmoja ni 53. Ikilipwa na wanne ni 52. Yaani hakuna tofauti, gawaneni tu. Na kutoa pesa taslimu kwa wakala ili ukwepe ada hakukusaidii: kutoa 3,000 ni 52. Chai na mandazi ya shilingi 100 au chini ni bure kutuma, lipa kwa simu bila wasiwasi.

Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina la Till mara nyingi si lile la ubao wa mlangoni, kwa hivyo uliza, "Inasoma jina gani?" Ukishatuma kwa mtu asiyehusika, sambaza ile meseji yote ya M-Pesa kwenda 456 hapo hapo, kabla huyo mtu hajatumia. Kwa Pochi, pesa hairudi bila mwenye Pochi kukubali, basi ongea naye kwa upole, bado yuko mbele yako.

Fuliza usiku wa nyama

Hili ndilo linalotuma watu hospitali wakiwa na simu tupu. Una 1,200, bili ni 3,200, umejivika ubwana umelipa yote, na Fuliza imekuongezea 2,000. Kuna ada ya asilimia 1 na ada ya kila siku, lakini hiyo si shida kubwa. Shida ni kwamba pesa yoyote inayoingia M-Pesa, Fuliza inajilipa kwanza. Wale marafiki wamechelewa kukurudishia, na Jumatatu usiku uchungu unaanza. Mama mkwe anatuma 2,000 ya teksi. Meseji inaingia, unafurahi, unaangalia salio: karibu hakuna kitu. Dereva yuko nje, injini inanguruma.

Kama tayari una deni la Fuliza, lilipe kabla wageni hawajafika. Ukiwa nalo bado siku zenyewe zikikaribia, waambie ndugu watume pesa ya dharura kwa simu ya mwenzako, au wamlipe dereva moja kwa moja.

Wageni wakiondoka Jumapili, mpitie sokoni mnunue njahi, zile ambazo Wameru huita ncabi na Waembu njavi. Mama aliyejifungua atazihitaji pamoja na uji. Halafu nambari ya dereva wa teksi iwekeni kwenye simu zenu zote mbili, pamoja na jina linalotokea kwenye M-Pesa yake, na mkubaliane naye bei ya usiku sasa hivi, mkiwa mnacheka.