Jirani wa Kitengela ajifunzie wapi Kimaa?

Anayeteremka garini mjini Kitengela siku hizi atasikia Kiswahili, Kiingereza, Kikuyu, Kikamba na Kiluo kabla hajasikia neno moja la Kimaa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kaunti ya Kajiado. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Ongezeko la watu zaidi ya 430,000 katika muda wa miaka kumi halikuletwa na uzazi pekee. Maelfu wamehamia, wakanunua ploti, wakajenga. Miongoni mwao wamo walimu, wauguzi, wahubiri na wafanyabiashara ambao kila siku hukutana na wazee wasiojua lugha nyingine ila Kimaa.

Swali ninalotaka kuliuliza ni jepesi: mgeni huyu akitaka kujifunza lugha ya wenyeji wake, ajifunzie wapi? Na mtoto wa Kimaasai aliyezaliwa na kulelewa mjini, ambaye nyanyake humsemesha naye asijibu, ashike kitabu gani?

Isidhaniwe kwamba lugha hii haijaandikiwa. Johann Ludwig Krapf alichapisha orodha ya maneno yake mwaka 1854, na mwenzake Jakob Erhardt akafuata 1857. Mwaka 1905 A. C. Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni, alitoa kitabu kinene cha lugha na ngano za Wamaasai. Tompo ole Mpaayei, mwana wa jamii yenyewe, alichapisha matini ya Kimaa 1954, na mwaka uliofuata akashirikiana na A. N. Tucker kutoa sarufi ambayo sisi wanaisimu tungali tukiirejelea. Padri Frans Mol alitoa kamusi 1978, masomo ya kujifunzia 1995 na kamusi kubwa zaidi 1996. Naomi Kipury alitukusanyia fasihi simulizi mwaka 1983. Biblia nzima ilitoka kwa Kimaa 1991. Katika karne hii, Doris Payne wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, na Leonard Kotikash wameandaa kamusi inayosomeka katika intaneti.

Hazina hiyo si haba. Lakini hebu tuitazame kwa makini. Ukiiondoa Biblia, karibu kazi zote hizo zinamfafanulia msomaji Kimaa kwa Kiingereza, na nyingi ziliandikwa kwa ajili ya mmisionari, mtawala au mtaalamu. Baadhi hazipatikani ila katika maktaba za vyuo vikuu. Mwanafunzi wa Oregon amerahisishiwa njia kuliko muuguzi wa Kitengela anayefikiri kwa Kiswahili na ambaye anataka tu kumuuliza ajuza anaumwa wapi.

Wapo wanaosema kuwa Kimaa ni kigumu mno. Kina ugumu wake, sikatai. Kitenzi hutangulia katika sentensi, na baada yake hufuata nomino ambazo kwa kawaida toni ndiyo hutuonyesha ni ipi iliyotenda na ni ipi iliyotendwa. Irabu zake ni tisa, ilhali maandishi ya kawaida hutumia herufi tano na huacha toni bila alama. Mzawa hahitaji alama hizo, lakini mgeni bila hizo hupapasa gizani. Ndiyo maana mwanagenzi anahitaji kitabu chake mahususi, pamoja na sauti zilizorekodiwa.

Lakini upo mlango mwepesi ambao kila mkazi wa Kajiado huupita bila kujua. Nomino za Kimaa zina jinsia: ol- kwa ya kiume na en- kwa ya kike. Olkiteng ni ng'ombe dume, enkiteng ni ng'ombe jike. Sifa nayo hufuata jinsia. Mlima ulio karibu na Namanga huitwa Oldoinyo Orok, yaani mlima mweusi; Narok imebeba mzizi uo huo, -rok, katika umbo la kike. Enkare, yaani maji, ni neno la kike. Ndipo tukapata Enkare Nairobi, maji baridi. Kilimanjaro, unaoonekana vizuri kutoka Loitokitok, ni Oldoinyo Oibor, mlima mweupe. Na Kajiado yenyewe hutajwa kuwa imetokana na olkeju, mto, na ado, yaani mrefu. Mwalimu mwenye ramani ya kaunti ukutani tayari ana somo la kwanza la sarufi. Asipolifundisha, majina hayo yatabaki sauti tupu, na mitaa mipya itaendelea kupewa majina ya matangazo ya biashara.

Tusidhani kwamba tatizo hili ni letu peke yetu. Kikechua, lugha ya milima ya Andes yenye mamilioni ya wasemaji, kiliandikiwa sarufi na Domingo de Santo Tomás mwaka 1560. Serikali ya Peru iliifanya lugha rasmi 1975. Hata hivyo, alfabeti ya irabu tatu ilipoidhinishwa 1985, Chuo cha lugha hiyo mjini Cuzco kilishikilia irabu tano, na mabishano yakaendelea kwa miaka mingi. Funzo kwetu ni mambo mawili: tangazo la serikali halifundishi mtu kusoma, na wataalamu wakigombania herufi, anayechelewa ni mtoto.

Nasi matangazo tunayo. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia madarasa ya mwanzo. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 7, inaitaka Dola ikuze na kulinda lugha za Wakenya. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa 2019, ulizitengea lugha za asili nafasi katika madarasa ya chini. Lakini darasa la Kitengela lenye watoto wa lugha kumi hukimbilia Kiswahili na Kiingereza, na hilo laeleweka.

Wengine wataniambia kwamba kufufua lugha za makabila ni kuchochea ukabila. Mimi naona kinyume chake. Ukabila hunenepa pale jirani asipomwelewa jirani. Mkamba au Mluo anayejifunza Kimaa hajengi ukuta, anabisha hodi.

Basi nini kifanywe? Kwanza, kiandikwe kitabu cha kujifunzia Kimaa kilichoelezwa kwa Kiswahili, cha bei nafuu, chenye toni na rekodi za wazee. Pili, serikali ya Kaunti ya Kajiado ifadhili masomo ya jioni kwa wauguzi, walimu na makarani wake. Tatu, wanafunzi wetu wa isimu watokao katika jamii hii wapewe kazi hiyo kama utafiti wao wa shahada, ili tasnifu zisiishie kabatini.

Wamaasai huiita lugha enkutuk, yaani kinywa. Ardhi ya Kitengela imekwisha kugawanywa vipande na hatimiliki zimekwisha kutolewa. Kinywa hakina hatimiliki. Kisipofunzwa kwa watoto na kwa majirani, kitanyamaza pamoja na wazee walio nacho.