Bodi la Pikapu Lililozaa Kiwanda Tijuana

Hilux tunayoijua Afrika Mashariki haiuzwi Marekani. Toyota iliiondoa katika soko hilo mwaka 1995 na mahali pake ikaweka Tacoma, pikapu iliyoundwa kwa ajili ya wanunuzi wa Amerika Kaskazini. Siku hizi Tacoma zinazouzwa Marekani huunganishwa Mexico, katika viwanda viwili. Kimoja kiko jimbo la Guanajuato, katikati ya nchi. Kingine, ambacho ndicho cha zamani zaidi, kiko viunga vya mashariki mwa Tijuana, mji uliobanana na uzio wa mpaka, ng'ambo ya San Diego. Wengi wakiulizwa kwa nini kampuni ya Kijapani ilikwenda kujenga hapo watajibu kwamba ilifuata mishahara midogo. Jibu hilo ni la kweli, ila ni nusu ya habari. Nusu ya pili inaanza na kuku.

Mapema miaka ya 1960 wafugaji wa Marekani walikuwa wakiuza Ulaya kuku wa bei ya chini. Ufaransa na Ujerumani Magharibi zikapandisha ushuru ili kuwakinga wafugaji wao. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson alilipiza kwa kuamuru brandi, wanga wa viazi, bidhaa moja itokanayo na wanga na malori madogo yatozwe ushuru wa asilimia 25. Kwa upande wa malori, aliyelengwa alikuwa Volkswagen. Bidhaa zile nyingine baadaye ziliondolewa ushuru huo, lakini malori madogo yakabaki nao, na waliokuja kuumia nao kwa miaka mingi ni Wajapani.

Wajapani wakasoma kitabu cha ushuru mstari kwa mstari. Pikapu kamili ilitozwa asilimia 25, lakini kichwa na chesisi bila bodi la nyuma vilitozwa asilimia 4. Basi wakaleta magari bila bodi, na bodi likafungwa baada ya kutoka bandarini. Mwaka 1972 Toyota ilikubaliana na karakana moja ya Long Beach, California, itengeneze mabodi hayo. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Toyota kutengeneza kitu chochote katika ardhi ya Marekani: sanduku la chuma la kubebea mizigo. Mwaka 1980 forodha ya Marekani iliziba mwanya huo, na kuanzia hapo njia kuu iliyobaki ya kukwepa asilimia 25 ilikuwa kuunganisha pikapu nzima ndani ya Marekani. Toyota ilifanya hivyo huko Fremont, California, katika kiwanda ilichokiendesha pamoja na General Motors.

Huku nyuma Mexico ilikuwa na mpango wake. Mwaka 1964 Marekani ilifunga utaratibu wa kuajiri vibarua wa mashambani kutoka Mexico, na miji ya mpakani ikajaa watu wasio na kazi. Mwaka uliofuata serikali ya Mexico iliruhusu maquiladora, yaani viwanda vinavyoingiza malighafi na mashine bila ushuru, mradi bidhaa iliyokamilika iuzwe nje. Tijuana ikawa mji wa televisheni na vifaa vya umeme, na baadaye vifaa vya tiba. Mwaka 1994 ukaja mkataba wa biashara huria kati ya Mexico, Marekani na Canada. Kwa pikapu mkataba huu ulikuwa na uzito wa pekee: ikiunganishwa Mexico kwa kufuata masharti, asilimia 25 ya enzi ya kuku haikuihusu tena.

Toyota ilitangaza kiwanda cha Tijuana mwaka 2002, na mwaka 2004 kikaanza kazi. Kilianza kwa kutengeneza mabodi. Mpango wa mwanzo ulikuwa zaidi ya mabodi 150,000 kwa mwaka, mengi yapelekwe Fremont, na magari kamili machache tu. Safari hii bodi lilifinyangwa kwa plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi, halishiki kutu. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo palipo na akili ya jambo zima. Bodi ni kubwa, jepesi na tupu ndani. Kulisafirisha mbali ni kulipia nauli ya hewa. Linataka kutengenezwa karibu na linakofungwa, na Tijuana iko ndani ya mwendo wa siku moja wa lori kutoka Fremont.

Aprili 2010 kiwanda cha Fremont kilifungwa. Tacoma ilihamia kwanza San Antonio, Texas, lakini Tijuana nayo ilizidi kukua. Mwaka 2016 Toyota ilitangaza kuwekeza dola milioni 150 ili uwezo wa kiwanda hicho upande kutoka magari 100,000 hadi 160,000 kwa mwaka. Miaka michache baadaye San Antonio iliachana na Tacoma kabisa.

Kukua huku hakukuwa na usalama wowote. Januari 2017 Donald Trump, kabla hata hajaapishwa, aliitishia Toyota kwa ushuru mkubwa akidai inajenga kiwanda kipya cha Corolla Baja, jimbo la Tijuana. Kiwanda kilichokuwa kikijengwa kilikuwa Guanajuato. Mwaka huohuo Corolla ilirudishiwa Marekani, na Guanajuato ikapewa Tacoma. Aprili 2025 magari ya abiria na malori madogo kutoka nje yalianza kutozwa asilimia 25, ingawa yanayotimiza masharti ya mkataba wa nchi hizo tatu hutozwa kwa thamani ya sehemu zisizo za Marekani peke yake.

Masharti hayo yanabeba suala la mishahara. Mkataba mpya, ulioanza Julai 2020 mahali pa ule wa 1994, unadai asilimia 75 ya thamani ya gari itoke nchi hizo tatu. Kwa pikapu unadai pia asilimia 45 ya gharama itokane na viwanda ambako wastani wa mshahara ni dola 16 kwa saa au zaidi. Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2019 Mexico iliongeza maradufu kima cha chini cha mshahara katika ukanda wa mpakani, na kufikia 2025 kilikuwa peso 419.88 kwa siku, kama dola 20 hivi. Wafanyakazi wa viwanda vya magari hulipwa zaidi ya kima hicho, lakini kutoka dola 20 kwa siku hadi dola 16 kwa saa ni mbali. Kampuni haihitaji kuupanda mlima huo. Ikinunua vipuri vya kutosha kutoka viwanda vya Marekani na Canada, hesabu inatimia, na mshahara wa Tijuana unabaki palepale.

Mkataba huo uliwekewa mapitio ya pamoja ya nchi zote tatu Julai 2026. Kipengele cha dola 16 ndicho kinachostahili kuguswa kwanza, ili sehemu ya asilimia hizo 45 ilazimike kutoka kwenye kiwanda kinachounganisha gari lenyewe, Tijuana ikiwemo.