Msingi, Udongo na Mtikisiko: Kwa Nini Ardhi Ipimwe Kabla ya Mnara Kusimama

Kila kijiji kinapotenga eneo la kujenga mnara wa tangi la maji, zahanati au madarasa, swali moja hurudi: kwa nini siku na fedha zitumike kupima udongo, ilhali mawe, mchanga na saruji vimekwisha kufika? Makala haya yanajibu swali hilo kwa kuanza na mfano wa mtambo wa kufua umeme kwa upepo, ambao hutikiswa mchana na usiku kwa miaka mingi. Kinachoulinda mtambo huo ndicho kitakacholinda mnara wa tangi huku Ufipa.

Mnara una mwendo wake wa kuyumba

Mitambo ya upepo si jambo geni tena katika ukanda wetu. Mwenga, wilayani Mufindi, ipo mitatu yenye uwezo wa megawati 2.4. Nchini Kenya ipo katika vilima vya Ngong, na karibu na Ziwa Turkana imesimikwa 365 yenye uwezo wa megawati 310. Yote ina umbo moja: nguzo ndefu yenye mzigo mzito kileleni.

Umbo la namna hiyo likisukumwa na kuachwa, huyumba kwa mwendo wake maalumu, kama bembea ya mtoto. Bembea haihitaji nguvu nyingi ili ipae; yatosha kuisukuma kidogo kila inaporudi. Mnara nao ukisukumwa kwa kufuata mwendo wake wenyewe, mtikisiko mdogo hukua hadi kuwa mkubwa.

Tuchukue mtambo ambao mapanga yake matatu huzunguka mara 15 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua sekunde 4, na kila baada ya sekunde 1.3 hivi panga moja hupita mbele ya nguzo. Kwa hiyo mnara hupata misukumo ya aina mbili: ule wa kila sekunde 4 na ule wa kila sekunde 1.3. Mhandisi huusanifu mnara ili muda wake wa kuyumba uwe katikati, tuseme sekunde 3, mbali na misukumo yote miwili.

Udongo hubadilisha hesabu

Hesabu hiyo husimama ikiwa msingi umeshikwa vema. Juu ya mwamba, nguzo hupinda yenyewe tu. Juu ya udongo laini, msingi nao huinama kidogo upande huu na upande ule, na muda wa kuyumba hurefuka. Mnara uliopangiwa sekunde 3 waweza kusogea kuelekea sekunde 4, yaani kule kule kwenye msukumo uliokusudiwa kuepukwa. Mnara hauanguki siku hiyo. Lakini waya ukikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukatika, na ndivyo chuma cha nguzo, bolti na maungio kinavyochoka kabla ya wakati wake.

Ndiyo maana mitambo mikubwa hujengewa sahani pana ya zege iliyofukiwa ardhini, ambayo upana wake hupita mita 15. Upana huo huueneza mzigo na kuzuia msingi usiinuke upande mmoja upepo unapovuma kwa nguvu.

Hali ya ardhi ya Ufipa

Katika uwanda wetu udongo hubadilika ndani ya mwendo mfupi. Penye miinuko mwamba huwa karibu na uso wa ardhi. Kwingine kuna udongo mwekundu unaoshikana. Na mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga. Huu wa mwisho hunywa maji na kuvimba wakati wa mvua, kisha hunywea na kupasuka wakati wa kiangazi. Msingi uliowekwa juu yake bila maandalizi huinuliwa na kushushwa kila mwaka, na nyufa zikifunguka kandokando, msingi hupoteza sehemu ya ushiko wake. Huko chini katika Bonde la Ziwa Rukwa, udongo mwingi ni ule ulioletwa na maji, wenye tabaka nene lisilo imara kama mwamba.

Mnara wa tangi la maji unafanana na mtambo wa upepo kwa umbo, kwa kuwa uzito wake uko juu. Tena uzito huo haukai ulivyo: tangi lililojaa huyumba taratibu kuliko lililo tupu, na maji yenyewe husukasuka ndani.

Ardhi inapotikisika yenyewe

Sisi tuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya makubwa zaidi yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki. Ufa wa ardhi wa Kanda, unaopita karibu na Sumbawanga, ni sehemu ya Bonde la Ufa ambalo bado linasogea. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko jingine, la ukubwa wa 6.8, lilitokea katika eneo la Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1985 jiji la Mexico liliwaonyesha walimwengu kazi ya udongo wakati wa tetemeko. Chanzo cha tetemeko kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka jijini, lakini sehemu ya jiji imejengwa juu ya matope ya ziwa la kale. Matope hayo yaliyakuza mawimbi yenye mwendo wa sekunde 2 hivi, na majengo ya ghorofa za wastani, ambayo huyumba kwa mwendo unaokaribiana na huo, ndiyo yaliyoumia zaidi. Nyumba fupi huyumba kwa haraka zaidi, na zina aina yake ya udongo wa kuogopwa. Hivyo hakuna udongo mmoja ulio mbaya kwa kila jengo. Lazima jengo na udongo vipimwe pamoja.

Yanayopasa kufanyika

Dawa zipo. Msingi waweza kuchimbwa hadi tabaka gumu, au kupanuliwa. Kifusi hushindiliwa tabaka kwa tabaka, na maji ya mvua huondolewa kwa mifereji. Jengo lisikae nusu juu ya ardhi iliyochongwa na nusu juu ya kifusi. Kuta zifungwe kwa mkanda wa zege wenye nondo.

Kamati za ujenzi zinashauriwa kuomba majibu ya vipimo vya udongo kabla ya zege la msingi kumwagwa, na kumwuliza mhandisi kina cha maji ardhini wakati wa masika, si wakati wa kiangazi pekee. Wazee waulizwe pia mahali maji yanapotuama na mahali nyumba za zamani zilipopasuka. Aidha, eneo la huduma ya umma lisichaguliwe kwa sababu tu halifai kwa kilimo. Kasoro ya ukuta huonekana na kuzibwa. Kasoro iliyofukiwa chini ya msingi hugharimu jengo zima, pamoja na jasho la wananchi waliolichangia.