Kuku na Mboga Sufuria Moja: Moto Juu, Moto Chini

Ukisikia "kuku wa kuokwa" unafikiria nini? Vijana wengi wanafikiria hoteli kubwa, oveni ya umeme na sahani nyeupe. "Hayo ni mambo ya matajiri," wanasema, halafu wanarudi kwenye ugali na maharage. Sasa sikiliza. Kama una jiko la mkaa, sufuria moja na mfuniko wake, basi oveni unayo tayari. Kinachotakiwa ni kujua namna ya kuupanga moto.

Makala hii ni kwa ajili yako unayekaa nyumbani Sumbawanga, Laela, Matai au Namanyere. Ni kwa ajili yako pia uliyepanga chumba karibu na shule, unajipikia mwenyewe geto. Wavulana, msiruke ukurasa! Tumbo halijui kama aliyepika ni kaka au dada.

GHALA LIMEJAA, MTOTO AMEDUMAA

Sisi wa Rukwa tunajivunia chakula. Mahindi, maharage, ulezi, ngano, alizeti, vyote vinakubali Ufipa. Kwa miaka mingi mkoa wetu umehesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ghala la taifa. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha jambo la kusikitisha. Kati ya watoto 100 wa chini ya miaka 5 mkoani Rukwa, karibu 50 walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Kwa Tanzania nzima ni 30 katika kila 100.

Inawezekanaje, wakati magunia yamejaa hadi darini? Sababu ni nyingi: maradhi ya kuhara, maji yasiyo salama, mama aliyebeba mimba akiwa bado msichana mdogo, au mama anayeshinda shambani na mtoto kukosa wa kumlisha. Lakini sababu mojawapo iko kwenye sahani. Tunashiba, ila tunashiba kitu kile kile. Ugali unatia nguvu, lakini peke yake haujengi mwili.

Wewe kijana unahusika vipi? Kwanza, wewe mwenyewe bado unakua. Pili, udumavu huanza tumboni mwa mama na katika miaka miwili ya kwanza ya mtoto. Msichana anayeingia kwenye ujauzito bila damu ya kutosha anaanza safari akiwa nyuma. Na wasichana wanahitaji madini ya chuma zaidi kwa sababu ya hedhi. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 za chuma kwa siku, mvulana wa umri huo 11.

Sufuria tunayokwenda kuipika ina nyama ya kujenga mwili, viazi vya kutia nguvu, mboga za kulinda mwili na mafuta kidogo. Chuma kilichomo kwenye nyama huingia mwilini kwa urahisi, na nyama husaidia chuma cha mboga nacho kiingie. Nyanya na limao husaidia pia. Chai ya rangi hufanya kinyume, huzuia chuma. Kwa hiyo chai iache, unywe saa moja au mbili baada ya kula.

MAHITAJI (watu 5 au 6)

Kuku 1 wa kiasi
Viazi mviringo 6
Karoti 3
Vitunguu maji 2
Nyanya 3 zilizoiva
Pilipili hoho 1
Vitunguu saumu punje 4
Limao 1
Mafuta ya alizeti vijiko 3 vya chakula
Chumvi kijiko 1 cha chai
Tangawizi au pilipili manga, kama ipo

CHAGUA KUKU MZIMA

Kuku awe mchangamfu, macho maang'avu. Kuku aliyekufa mwenyewe usimle, hata kama mtu anakwambia "ni mdondo tu, haudhuru." Hujui kilichomuua ni nini, na nyama yake imekaa na damu ndani. Mzike au mchome moto, na unawe mikono kwa sabuni.

Na kama mnafuga nyumbani, ujue kwamba mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kumaliza karibu banda zima kwa siku chache. Chanjo yake ipo. Inaitwa I-2, ni tone moja kwenye jicho la kila kuku, hurudiwa kila baada ya miezi 3. Muulize ofisa mifugo wa kata yako. Majirani mkichangishana kwa chupa moja, gharama kwa kila kuku ni ndogo sana. Mwenye kuku hai ndiye mwenye kitoweo.

HATUA KWA HATUA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Anza kumenya na kukata MBOGA, kisha ziweke pembeni. Kuku akatwe mwisho. Kuku mbichi ana vijidudu vinavyoleta tumbo la kuhara, na ukimtanguliza yeye, kisu na ubao vitavihamishia kwenye mboga. Ukimaliza, osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni.

2. Kata kuku vipande. Twanga vitunguu saumu pamoja na chumvi na tangawizi, kamulia limao, tia kijiko 1 cha mafuta. Paka vipande vyote, funika, acha kama nusu saa.

3. Kama ni kuku wa kisasa, nenda hatua ya 4. Kama ni wa kienyeji, hasa jogoo aliyekomaa, mchemshe kwanza kwenye sufuria ile ile kwa maji kidogo mpaka aanze kulainika. Inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Usishangae. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 94 tu, wakati Dar es Salaam huchemka kwenye 100. Chungu kinatokota vizuri kabisa lakini joto lake ni dogo. Ndiyo maana hata maharage huku yanakawia kuiva kuliko pwani. Akilainika, mimina supu kwenye bakuli. Usiimwage!

4. Paka mafuta chini ya sufuria. Panga viazi vilivyokatwa vipande vinene, juu yake karoti na vitunguu, kisha nyanya na hoho. Juu kabisa weka kuku, upande wa ngozi uangalie juu. Mimina supu au maji robo kikombe tu. Nyunyiza mafuta yaliyobaki, funika.

Kwa nini maji kidogo? Kwa sababu chakula kilichozama majini hakiwezi kupata joto kupita la maji yanayochemka. Kitaiva, lakini hakitakauka wala kubadilika rangi. Nyama ikitoka nje ya maji na kupigwa na joto la moto wa juu, ndipo ngozi inapogeuka kahawia na ile harufu inawafikia majirani. Viazi vya chini vinabaki na unyevu na kunyonya mafuta ya kuku.

5. Sasa moto. Subiri makaa yawake yote yawe mekundu. Punguza, acha machache jikoni, kama theluthi moja. Theluthi mbili yapange juu ya mfuniko. Watu wa pwani huita kupalia makaa, na wali wao mwingi huivishwa hivyo. Ukikosea ukaweka moto mwingi chini, viazi vitaungua na kuku atabaki mweupe. Tumia mfuniko bapa wa bati wenye ukingo, usio na kishikio cha plastiki.

6. Acha dakika 45 hadi saa moja bila kufunua funua. Kila ukifunua, joto linatoka na majivu yanaingia. Makaa ya juu yakififia, ongeza mengine. Ukitaka kutazama, futa majivu ya ukingoni, inua mfuniko moja kwa moja kwa kitambaa kinene, usiuinamishe juu ya chakula.

7. Hakikisha ameiva. Choma kisu kwenye paja, karibu na mfupa. Maji yakitoka meupe na hakuna nyama ya rangi ya waridi, ameiva. Yakitoka na wekundu, rudisha motoni. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74 ndani ya nyama.

Unapikia gesi? Kaanga vipande kwanza kwa mafuta kidogo mpaka vibadilike rangi, vitoe, panga mboga, virudishe juu, funika na punguza moto mpaka mwisho. Hakitakauka sana juu, lakini utamu upo.

JIKO USILALE NALO

Hapa tusimame kidogo, maana ni suala la uhai.

Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Ufipa inauma. Umemaliza kupika, makaa bado mekundu, chumba chako ni kimoja. Unaona ni hasara kuyaacha nje. Unaingiza jiko ndani, unafunga mlango na dirisha, unajifunika blanketi. Moshi haupo kabisa, kwa hiyo unajiona salama.

Hauko salama. Makaa yanayowaka, hata bila moshi, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta inang'ang'ania kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na oksijeni inakosa nafasi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu na usingizi mzito. Tatizo ni hilo la mwisho. Aliyekwisha kulala hapati nafasi ya kuhisi dalili. Familia nzima au wanafunzi wa chumba kimoja wanaweza wasiamke, na watu wakabaki wananong'ona kuwa wamerogwa. Hawakurogwa. Ni jiko.

Basi shika haya:

- Pikia nje au barazani. Mvua ikikulazimisha kuingia, acha mlango na dirisha wazi.
- Usilale kamwe na jiko linalowaka chumbani, hata kama makaa ni machache na yamefunikwa majivu.
- Ukimaliza, zima makaa kwa maji au mchanga, huko huko nje. Yakikauka utayatumia kesho.
- Ukiumwa kichwa ghafla karibu na jiko, toka nje mara moja.
- Ukimkuta mtu amezimia, fungua milango, mvute nje kwenye hewa safi, ita msaada na mkimbizeni hospitali. Usikae ndani ukimpepea.
- Baridi itibu kwa blanketi la pili, soksi na sweta.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo ni Watanzania 80 kati ya 100 wawe wanaitumia ifikapo 2034. Ni habari njema. Lakini mpaka gesi au umeme wa kupikia ufike chumbani kwako, sheria ya jiko la mkaa ni moja: jiko linalala nje.

FIRIGISI YA NANI?

Chakula kimeiva. Sasa kinagawanywaje? Katika nyumba nyingi firigisi ni ya baba, paja la mgeni, na watoto wanapewa shingo, miguu na mchuzi. Wengine humwambia mama mjamzito aache mayai au nyama fulani, eti mtoto atakuwa mkubwa mno au atazaliwa bila nywele. Hakuna ukweli wowote katika hayo. Mjamzito na mtoto mdogo ndio wanaohitaji nyama kuliko wote.

Hatusemi ukamvunjie baba heshima mezani. Ukipika wewe, una nafasi nzuri. Kata vipande vinavyolingana, pakua kila mtu sahani yake, na hakikisha mdogo wako wa miaka miwili amepata nyama laini iliyochambuliwa na kiazi kilichopondwa. Baba mpe firigisi yake kwa heshima zote. Atakayemshukuru mpishi ni yeye.

KUKU HAKUNA?

Kuku hapatikani kila siku, tunajua. Sufuria hii haimtegemei. Weka migebuka wa Ziwa Tanganyika juu ya mboga, dakika 20 hadi 25 zinatosha. Au weka maharage yaliyokwisha kuiva pamoja na viazi, nyanya na karoti, na vunjia mayai mawili matatu juu dakika 10 kabla ya kuepua, yaive mpaka kiini kigande. Mpango ni ule ule: viazi chini, mboga katikati, chakula cha kujenga mwili juu, makaa mengi juu.

Na kiporo? Kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kama hakuna friji, pikeni kinachotosha na mmalize. Kama kuna friji, kesho kipashe mpaka kitoe mvuke kote, siyo vuguvugu.

Jumamosi hii kubalianeni na wenzako wa geto. Mmoja alete viazi, mwingine karoti na nyanya, wawili wachangie kuku. Mkishakula, kabla hamjazima taa, mmoja wenu atoke nje aangalie: jiko liko huko, na makaa yamezimwa?