Anuani nyingi za barua pepe: Ipi ni ya kazi gani?

KIWIRA

Soko la Kiwira, kwenye barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi, linajulikana kwa ndizi na viazi. Hata hivyo, mfanyabiashara wa hapo siku hizi hamalizi shughuli zake kwa mdomo na simu peke yake. Akisajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), anaombwa anuani ya barua pepe. Akitaka kununua hisa au vipande, anaombwa tena. Mnunuzi wa parachichi aliye mbali naye anataka ankara kwa njia hiyo hiyo.

Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja anajikuta na anuani nne au tano, asikumbuke ipi alimpa nani. Jambo hili linaonekana dogo, lakini lina gharama. Anayesahau neno la siri la akaunti yake hutumiwa jipya kwa barua pepe. Kwa hiyo anayeshika anuani ndiye anayeshika ufunguo wa mali.

Sanduku moja, majina mengi

Si kila anuani ni sanduku linalojitegemea. Nyingine ni lakabu tu, yaani jina la pili la sanduku lile lile. Wakazi wa Rungwe hawatashangazwa na mpango huu. Kwa miaka mingi mtu aliandikiwa kupitia S.L.P. ya shule, ya parokia au ya chama cha ushirika: sanduku lilikuwa moja, wenye barua wengi.

Mwenye kikoa chake, mathalani kinachoishia na .co.tz, anaweza kuweka lakabu za mauzo@, malipo@ na info@, na zote zikaishia mezani kwake. Desturi ya kuita anuani kwa jina la kazi badala ya jina la mtu iliwekwa katika waraka namba 2142 wa wahandisi wa intaneti, uliotolewa Mei 1997. Faida yake ni kwamba karani akiondoka, anuani inabaki na biashara.

Asiye na kikoa anaweza kutumia Gmail, huduma iliyoanza Aprili 2004. Mwenye anuani anaongeza alama ya kujumlisha na neno lolote baada ya jina lake, kama vile jina+hisa@gmail.com. Barua itafika kwenye sanduku lake la kawaida, na neno hilo litaonekana juu yake.

Lakabu inavyofichua

Faida kubwa ya lakabu ni kutambua barua ilikotokea. Chukua mfano wa mwekezaji aliyempa wakala wake wa hisa lakabu moja, na muuza pembejeo lakabu nyingine. Siku moja anapata barua inayojiita ya wakala wa hisa, ikimtaka athibitishe neno la siri, lakini imekuja kupitia lakabu ya pembejeo. Hapo hana haja ya kuchunguza nembo wala sahihi. Wakala hakuwahi kupewa anuani hiyo, kwa hiyo barua ni ya kutiliwa shaka.

Aidha, matangazo yasiyoombwa yakianza kumiminika kwenye lakabu moja, mwenyewe anajua aanze kumuuliza nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Lakabu inampa pa kuanzia.

Yote haya yanawezekana tu kwa anayekumbuka lakabu ipi ni ya nani. Asiyekumbuka hana tofauti na asiye nazo.

Mahali penye hatari

Ya kwanza ni anuani ya steshenari. Wapo wenye biashara waliofunguliwa anuani na kijana wa duka la steshenari siku walipokwenda kuomba namba ya mlipakodi au leseni. Kijana alichagua jina na neno la siri, pengine akaweka hata namba yake ya simu. Hata kama hana nia mbaya, akihama au laini yake ikifungwa, mwenye biashara hana njia ya kuingia.

Ya pili ni lakabu inayopeleka nakala kwa mtu aliyekwisha kuacha kazi. Barua za bei na za malipo zinaendelea kumfikia huko aliko.

Ya tatu ni kikoa kisicholipiwa ada ya mwaka. Jina likiachiwa, mtu mwingine anaweza kulichukua, na barua zikaanza kwenda kwake, zikiwemo zile za kubadili maneno ya siri.

Ya nne ni ankara za uongo. Tapeli huingia kwenye sanduku, au hufungua anuani inayotofautiana na ya kweli kwa herufi moja, kisha humwandikia mnunuzi kwamba akaunti ya benki imebadilika. Nchini Marekani, hasara iliyoripotiwa kwa shirika la upelelezi la FBI kutokana na utapeli huu mwaka 2023 ilizidi dola bilioni 2.9. Kwa muuza parachichi, lori moja lililolipwa kwenye akaunti ya tapeli linaweza kumaliza mtaji wote.

Lakabu zenyewe nazo zina mipaka. Ile ya alama ya kujumlisha inaweza kukatwa na yeyote ikabaki anuani ya msingi, na baadhi ya fomu huikataa. Vilevile, majibu huweza kutoka kwa jina la msingi endapo mtumaji hakupanga vingine. Na kwa kuwa sanduku ni moja, neno la siri likiibwa lakabu zote zimekwenda.

Daftari la safu sita

Dawa yake haihitaji kompyuta. Daftari la kawaida linatosha, likiwa na safu sita: anuani au lakabu, aliyepewa na kwa kazi gani, tarehe, barua zinaishia sanduku lipi, nani anazisoma, na simu ya nani inalinda sanduku hilo. Maneno ya siri yasiandikwe humo.

Lakabu isiyotumika isifutwe haraka. Kwanza ihakikishwe kuwa hakuna akaunti ya hisa, benki au kodi inayoitegemea. Mstari wake ukatwe kwa kalamu na tarehe iandikwe, lakini usichanwe.

Kwa wanaoanza leo, kazi ya kwanza ni kuingia BRELA, TRA, benki na kwa wakala wa hisa, na kuangalia ni anuani gani imeandikwa huko. Isiyo yao, waibadilishe. Baada ya hapo wawaarifu wanunuzi kuwa ankara zitatoka anuani moja tu, na kwamba badiliko lolote la akaunti ya benki lithibitishwe kwa kupiga simu kwenye namba wanayoijua tangu zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya barua.