Kijana Aliyekataa Matabishi

Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe meusi. Mawe hayo ni moto wa mlima Nyiragongo, ambao ulishuka kama uji, ukapoa, ukawa mgumu. Mwezi wa Januari 2002 moto huo ulipita katikati ya mji, ukaunguza maelfu ya nyumba, ukaingia hata katika ziwa Kivu. Watu walikimbilia Gisenyi, mji wa Rwanda ulio jirani. Baada ya siku chache wakarudi, wakaanza kujenga tena juu ya mawe yale yale.

Kati ya Goma na Gisenyi hakuna mto wala msitu. Kuna njia tu, na vizuizi viwili ambavyo watu huviita Barrière kubwa na Barrière ndogo. Wakati ule, kila asubuhi, mama wenye vikapu na vijana wenye mikokoteni walipita hapo kwa maelfu, na malori yalingoja kwa mstari mrefu. Unga, mchele, sukari, mafuta: sehemu kubwa ya chakula cha mji ilipita katika njia hizo.

Mahali kama pale pana kazi moja ambayo watoto wengi hawaijui. Ni kazi ya kukagua mali kabla haijafika sokoni. Katika Kongo kazi hiyo ni ya Office Congolais de Contrôle, iliyoanzishwa mwaka 1974. Watu huiita OCC. Mkaguzi hufungua mfuko, hutazama, hunusa, huchukua kidogo ili kipimwe. Akiona chakula ni kizima, hutia sahihi, na lori hupita. Akiona kimeharibika hukataa, nacho huteketezwa. Ukitazama kwa macho tu, ni kazi ndogo: karatasi moja na sahihi moja. Lakini nyuma ya karatasi ile viko vyungu vya mji mzima.

Pengine mtoto atauliza: Mchele ukioza kidogo, si mama ataosha na kupika? Sivyo. Nafaka ikilowa na kukaa vibaya huota ukungu, na aina nyingine za ukungu hutoa sumu ambayo maji hayaiondoi, wala moto wa jikoni hauiui. Sumu hiyo hushika ini. Mwaka 2004, huko mashariki ya Kenya, watu walikula mahindi yenye ukungu wa namna hiyo. Wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 kati yao wakafa. Hawakula kitu cha ajabu. Walikula chakula chao cha kila siku.

Sasa tutazame kijana mmoja wa Goma. Jina lake Floribert Bwana Chui bin Kositi. Alizaliwa mwaka 1981 katika mji ule ule, akasoma sheria katika chuo kikuu cha Goma. Alikuwa mkristo katoliki, mshiriki wa jumuiya ya Sant'Egidio. Siku nyingi alikwenda kwa watoto wasio na nyumba, wale ambao watu wa Goma huwaita maibobo. Wengi hupita mbali na maibobo, wakishika mifuko yao. Floribert aliketi nao, akawafundisha, akala nao, akamsaidia mmoja wao arudi shuleni. Jambo hili lisisahauliwe, maana ndilo linaloeleza mengine yote.

Mwaka 2007 Floribert aliwekwa katika kazi ya OCC pale Goma, juu ya mali iliyoharibika. Haikuchukua muda, mizigo ya mchele uliooza ikaletwa ili ipite. Floribert akaikataa. Wenye mali wakamletea fedha. Akakataa fedha. Wakaongeza, naye akakataa tena.

Ni vema kufahamu namna matabishi yanavyosema, maana hayaji na uso mkali. Kwanza huja na tabasamu: "Ndugu, hii ni ya maji tu." Kisha hujifanya rafiki: "Wenzako wote hupokea, wewe u nani?" Kisha hushika mahali panapouma: "Mshahara wako haufiki mwisho wa mwezi. Mama yako atakula nini?" Na maneno hayo ya mwisho mara nyingi ni kweli! Ndiyo maana asidharauliwe baba aliyeanguka, mwenye watoto sita na mshahara wa miezi mitatu ambao haujalipwa. Mwisho kabisa, tabasamu likishindwa, huja vitisho: simu ya mtu mkubwa, au neno la pembeni, "Jiangalie njiani."

Basi, mtu hupata wapi nguvu ya kusema hapana? Wengine hudhani ushujaa ni kutokuwa na hofu. Si hivyo. Asiyeogopa kitu chochote pengine hajafahamu hatari. Floribert alifahamu. Alizungumza na sista mmoja, daktari, rafiki yake. Akamwuliza kuhusu wale ambao wangekula chakula kile. Akamweleza pia mambo ya fedha alizokataa. Fedha zile, alisema, zingekwisha upesi. Lakini walaji je, wangekuwaje? Na yeye mwenyewe angewezaje kusema anaishi katika Kristo kama angewaacha watu wafe ili apate fedha hizo?

Angalieni alivyofanya. Hakukaa peke yake na hofu yake, maana hofu ikifungiwa ndani hukua kama ukungu katika mfuko uliofungwa. Alimtafuta mtu mwenye akili na moyo mwema, akasema naye wazi. Tena hakuuliza kwanza, "Nitapata hasara gani?" Aliuliza, "Nani atakula?" Afisa asiyemjua maskini hata mmoja akitazama mfuko wa mchele huona mfuko tu. Floribert alikuwa amekula sahani moja na maibobo. Alijua kwamba chakula kibovu huuzwa kwa bei ndogo, na mwenye kununua cha bei ndogo ni nani. Pale mpakani, mbele ya lori, alikwisha kuziona nyuso zao.

Nguvu ya namna hiyo haiji siku moja. Mtoto ambaye wenzake wamwambia, "Tupe majibu ya mtihani, la sivyo hatuchezi nawe," tayari yumo katika darasa hilo. Vilevile yule anayesikia kundi zima likimcheka mtoto kilema njiani, naye anaona haya kusema, "Acheni." Sauti hutetemeka, masikio huwaka moto, na neno hutoka vibaya. Si kitu. Mara ya pili litatoka vema zaidi.

Wengine watasema: Lakini kwetu mtoto hufundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa. Kweli, na mafundisho hayo ni mema. Mtoto akimjibu babu yake kwa kiburi, huo si ushujaa, ni utovu wa adabu. Lakini heshima iko katika namna ya kusema: macho ya upole, sauti ya chini, "Samahani, baba, jambo hili siwezi kulifanya." Mkubwa mwenye hekima atakasirika siku moja, kisha atamwamini mtoto huyo maisha yake yote. Kuhusu mkubwa asiye na hekima, mtoto aende kwa mwingine, kwa mama, kwa shangazi, kwa mwalimu au padri, amweleze yote. Hakuna sheria ya Mungu inayomtaka mtoto apigane peke yake na mtu mzima.

Floribert alikuwa mtu mzima, na sahihi ilikuwa yake. Siku ya jumamosi, tarehe 7 Julai 2007, watu walimkamata katika mji wa Goma, wakamchukua kwa gari. Ndugu na rafiki wakamtafuta. Jumatatu, tarehe 9, maiti yake ikaonekana, na alama za mateso mwilini. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Siku zile wako waliosema alikuwa mjinga: angepokea tu, kama wengine, angekuwa hai na nyumba nzuri. Maneno hayo husikika bado. Lakini wale waliomfahamu hawakukubali habari zake zizikwe. Shule ya watoto wa wakimbizi, huko Mugunga karibu na Goma, ikapewa jina lake. Tarehe 2 Februari 2023, Papa Fransisko, akiwa Kinshasa, alisema na vijana makumi ya maelfu katika uwanja wa Mashahidi. Aliwaeleza habari za Floribert, akawataka waseme wote kwa sauti moja kwamba hawataki rushwa. Uwanja mzima ukapiga kelele. Kupiga kelele pamoja na maelfu ni rahisi, bila shaka. Floribert alisema peke yake, na wenye fedha walikuwa mbele yake.

Mwezi wa Novemba 2024 Papa alikubali kwamba kijana huyo alikufa shahidi. Watu wa Goma walitamani sikukuu ya kumtangaza ifanyike kwao. Lakini mwezi wa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliuteka mji, na vita ilikuwa kali katika Kivu. Kwa hiyo alitangazwa Mwenyeheri huko Roma, tarehe 15 Juni 2025, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta. Mama yake alikuwapo, pamoja na Wakongo wengi. Kanisa humkumbuka kila mwaka tarehe 8 Julai.