Cheni ya pikipiki Kolwezi: kubadilisha, kukata pingili au kungoja?

Kutoka Kolwezi mjini kwenda Musompo, barabara ya Likasi haina mahali pa kuharibikiwa. Malori ya madini yanafuatana mbele na nyuma, na motari, yaani dereva wa teksi ya pikipiki, mwenye abiria wawili mgongoni anapita pembeni kidogo tu ya magurudumu yao. Cheni ikikatika hapo, mara nyingi mwendo unapotea na pikipiki inasogezwa kando. Siku mbaya, cheni inajikunja mbele kwenye sproketi ndogo, ile pinyo, na kufunga gurudumu la nyuma au kupasua kasha la injini. Kasha likipasuka, bei ya cheni haizungumzwi tena: mafuta yamemwagika, injini inafunguliwa, na pikipiki inalala gereji siku nzima au zaidi bila kuingiza kitu.

Pamoja na hayo, pikipiki nyingi za Dilala na Manika hubadilishiwa cheni baada ya kukatika, au baada ya kuanza kuruka meno kila motari anapokaza mwendo. Sababu inaeleweka. Pesa ya siku ina wenyewe: fungu la mwenye pikipiki, esansi, chakula cha nyumbani. Cheni ambayo bado inazunguka haionekani kama deni. Ila ukipiga hesabu kwa kilomita, kungoja ndiyo njia ya bei ghali kuliko zote, na inayofuatia ni ile ya kukata pingili.

Kwanza, kinachochakaa ni nini? Boxer, TVS na pikipiki nyingi za Kichina zinazofanya teksi hapa hutumia cheni ya namba 428. Kutoka pini moja hadi ya pili ni milimita 12.7. Watu husema cheni "imevutika", lakini mabamba yake ya chuma hayavutiki. Kinacholika ni pini na bushi, huko ndani macho yasikofika. Kila pini ikilika sehemu ndogo sana ya milimita, mara pingili, tuseme, 116, cheni nzima inarefuka. Vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, likichanganyika na oili linakuwa dawa ya kusagia chuma. Mvua zikianza, matope yanachukua zamu. Ndiyo maana kilomita zinazotajwa na muuzaji, au na shemeji anayeendesha kwenye lami ya mji mwingine, hazikusaidii sana ikiwa wewe unashinda kati ya Kapata na Kasulo ukiwa na mifuko nyuma.

Kinachosaidia ni rula ya shule, ile ya sentimita 30. Safisha kipande cha cheni kwa kitambaa na mafuta ya taa. Vuta cheni inyooke bila kulegea, kisha pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21, yaani pingili 20 kamili. Cheni mpya ya 428 itakupa milimita 254. Vitabu vya ufundi vya pikipiki ndogo za Kijapani zenye cheni hiyohiyo huweka mwisho kwenye milimita 259. Nusu sentimita, basi. Pima sehemu tatu au nne, kwa sababu cheni hailiki sawasawa, na hesabu inayotumika ni ile mbaya kuliko zote. Kwa motari wa mizigo, mimi ningeanza kutafuta pesa ya seti mpya rula inaposoma 257, na nisingevuka 258. Tofauti hiyo ndogo inakupa muda wa kuchagua duka badala ya kununua kilicho karibu ukiwa umekwama njiani.

Bila rula kuna kipimo cha mkono. Shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ile kuroni, uivute kurudi nyuma. Ikiachana na jino hadi zaidi ya nusu ya jino ionekane, imekwisha. Angalia pia meno yenyewe: yakilala upande mmoja kama ya msumeno, usipoteze muda kupima. Pingili zilizoganda, zisizokunjuka hata baada ya kutiwa oili, au rola iliyopasuka, nazo hazingoji rula.

Sasa kukata pingili. Gereji yoyote utasikia: "Fundi, kata tu, nitanunua mpya mwisho wa mwezi." Nati za kukazia zimefika mwisho, gurudumu limesukumwa nyuma hadi basi, na cheni bado inaning'inia. Fundi anatoa pingili mbili, ya nje na ya ndani, maana moja peke yake haitoki bila kiungo maalumu. Hizo mbili ni milimita 25.4. Rudi sasa kwenye rula. Cheni ya pingili 116 ikiwa mpya ina urefu wa milimita 1,473 hivi. Ikifika kwenye ukomo wa 259, imeongezeka karibu milimita 29. Maana yake, hadi cheni ilegee kiasi cha kutosha kutoa pingili mbili, imeshamaliza karibu uhai wake wote. Unachokata ni ule urefu uliokuwa unakupa taarifa. Pini zilizobaki zimelika vilevile, zinakaa vibaya kwenye meno vilevile, na tangu hapo zinakula pinyo na kuroni kila mzunguko. Fundi anadai pesa kidogo kwa kazi hiyo, ndiyo, lakini umelipia kuharibu vitu viwili zaidi.

Nakubali kukata katika hali moja tu: cheni ikiwa mpya kabisa na imetoka dukani na pingili nyingi kuliko pikipiki yako inavyohitaji. Hesabu pingili za ile ya zamani kabla haijatupwa.

Tuje kwenye bei. Vipuri vingi hufika Kolwezi kupitia Lubumbashi, karibu kilomita 300 kutoka hapa, na vingine huingilia mpaka wa Kasumbalesa, kwa hiyo bei hupanda na kushuka pamoja na barabara na dola. Nitatumia namba za mfano. Wewe weka za duka lako, njia ya hesabu haibadiliki. Tuseme cheni peke yake ni dola 7. Seti ya kawaida, yaani cheni, pinyo na kuroni, ni dola 15. Seti nzito yenye jina linaloaminika ni dola 25. Seti yenye cheni ya oringi, ile ya vipete vya mpira, ni dola 50. Halafu ongeza kile ambacho watu husahau: fundi dola 2, na saa za kazi zilizopotea, tuseme dola 5. Kila badiliko, hata la cheni ya bei nafuu kuliko zote, lina dola 7 zilizojificha.

Seti ya kawaida ikikupa kilomita 6,000, umetumia dola 22, yaani dola 3.67 kwa kila kilomita 1,000. Ili seti ya dola 25 iwe sawa nayo, si lazima ifike kilomita 10,000 kama bei ya dukani inavyokufanya ufikiri. Ikifika 8,700 imerudisha pesa, kwa sababu umeepuka kufungua pikipiki mara nyingi. Seti ya oringi inahitaji kilomita 15,500 hivi. Cheni peke yake ya dola 7 inahitaji 3,800 tu, na hapo ndipo wengi wanapovutika. Tatizo ni kwamba cheni mpya ikiwekwa juu ya meno yaliyolika inabebwa na ncha chache badala ya meno yote, na inalika haraka. Usipoifikisha hizo 3,800, umenunua kitu cha bei ghali kuliko vyote vilivyokuwa mezani.

Kuna njia ya katikati ambayo naiona ya haki kwa mwenye mfuko mwepesi. Pinyo yenye meno 14 huzunguka mara tatu kila kuroni yenye meno 42 inapozunguka mara moja, kwa hiyo ndiyo inayokwisha kwanza, na pia ndiyo ndogo kwa bei. Kama kuroni bado ina meno yaliyosimama sawa pande zote mbili, nunua cheni na pinyo sasa, kuroni iende awamu nyingine. Cheni mpya na pinyo ya zamani, hapana.

Mimi pesa yangu ningeiweka kwenye seti nzito, lakini ujue unanunua nini. Herufi H katika 428H inaeleza mabamba manene, yaani nguvu ya kutokatika unapoondoka na gunia la makala au abiria wawili kwenye mlima. Pini na bushi hazidumu zaidi kwa sababu ya H. Hizo zinategemea chuma na jinsi kilivyofanywa kigumu kiwandani. Ndiyo maana jina lina maana. DID ya Japani, na Rolon au Diamond za India, hupiga chapa yao kwenye mabamba ya cheni yenyewe. Boksi zuri lenye cheni isiyo na chapa yoyote ni boksi tu. Toa cheni dukani uiangalie, na uipime kwa rula yako hapohapo: ikiwa mpya inapita 255, irudishe kaunta.

Mtego mmoja zaidi. Cheni ya 420 ina pingili za milimita 12.7 vilevile, na kwenye rula huwezi kuitofautisha. Lakini kwa ndani ni nyembamba: milimita 6.35, ambapo ya 428 ni 7.94. Haikai kwenye meno ya 428. Muuzaji akikuambia "ni ileile", soma namba iliyopigwa kwenye bamba.

Oringi sasa. Hii ina vipete vya mpira kati ya mabamba, vinavyofungia grisi ndani ya pini na kuzuia vumbi, na kwa vumbi la Lualaba wazo lenyewe ni zuri sana. Kwa mfanyakazi wa mgodi anayekwenda Fungurume na kurudi kwa lami, peke yake, pikipiki ikiwa mali yake, ningeipendekeza. Kwa motari wa mjini nasita. Cheni hiyo ni nene na kwenye pikipiki nyingine hugusa kava. Kiungo chake kinahitaji vipete vyake vinne, vikipotea hupati vingine kirahisi. Na fundi akiiosha kwa esansi mara moja, mpira unaharibika na dola 50 zako zinakuwa cheni ya kawaida.

Kinachoongeza kilomita bila kununua seti ni oili na kava. Oili chafu iliyotolewa injini ni ya bure, na ndiyo maana iko kwenye kila kopo la gereji, lakini ina unga wa chuma ndani yake na inarushwa nje mapema. Grisi nzito nayo haiingii kwenye pini. Inabaki juu ikikusanya mchanga. Lita moja ya oili ya gia, SAE 90, inatosha muda mrefu. Ipake jioni cheni ikiwa bado na joto, kwenye upande wa ndani wa sehemu ya chini, zungusha gurudumu kwa mkono na injini ikiwa imezimwa, ngoja, kisha futa yote iliyobaki juu. Kufuta ndiko kunakozuia vumbi la kesho kushika. Na kava la cheni lililokuja na pikipiki, usiliache gereji eti linapiga kelele. Kaza skrubu zake.

Siku ya kufunga seti mpya, simama karibu na fundi kwa mambo matatu. Klipu ya kiungo: upande wake uliofungwa uelekee kule cheni inakoelekea. Alama za kukazia, kushoto na kulia, zisome sawa, la sivyo cheni inakwenda upande na kula meno kwa ubavu. Kulegea: pikipiki nyingi za aina hii hutaka milimita 20 hadi 30 za kucheza juu na chini, kitabu chake ndicho chenye neno la mwisho, na upime pale cheni ilipokaza kuliko kwingine. Cheni iliyokazwa sana inaonekana nadhifu pikipiki ikiwa tupu. Abiria wawili wakipanda, mkono wa nyuma unainuka, cheni inakaza zaidi, na mzigo wote unaangukia beringi ya gia. Rudia kipimo hicho baada ya siku chache za kwanza za kazi, kwa sababu cheni mpya hulegea kidogo inapoanza, halafu andika ndani ya kifuniko cha kiti kilomita zilizosomeka siku ulipofunga seti. Seti ikifika mwisho utakuwa na namba yako mwenyewe ya kuweka mahali pa ile 6,000 ya mfano wangu.